Mada ya 8: Kuzuia Anwani za Intaneti Zisizotumika na Zilizotengwa katika Mtandao wa Nyumbani

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa aweze:

(a) kueleza tofauti kati ya anwani zilizotengwa na anwani zisizotumika;
(b) kukokotoa mwanzo, mwisho na idadi ya anwani katika fungu lolote;
(c) kuandika kanuni za kuzuia anwani hizo kwenye ruta ya nyumbani kwa mpangilio sahihi;
(d) kueleza madhara ya kutumia orodha ya zamani.

8.1 Utangulizi

Kila pakiti ya data inayosafiri kwenye intaneti hubeba anwani mbili: anwani ya mtumaji na anwani ya mpokeaji. Ruta za njiani hutazama anwani ya mpokeaji ili zijue pakiti ielekezwe wapi. Anwani ya mtumaji mara nyingi haikaguliwi. Kwa hiyo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika anwani yoyote mahali pa mtumaji, kama anavyoweza kuandika S.L.P. ya uongo nyuma ya bahasha.

Fikiria umekwenda Posta kuchukua barua za nyumbani, ukakuta bahasha moja imeandikwa nyuma yake: "Kutoka chumba cha bibi." Bibi anaishi nanyi nyumba moja. Akitaka kukuambia jambo hukuita tu, wala barua ya kutoka chumbani kwake haina sababu ya kupitia Posta. Bila hata kufungua bahasha hiyo, unajua aliyeiandika amedanganya.

Mada hii yote imejengwa juu ya wazo hilo. Zipo anwani za intaneti ambazo, kwa kanuni, haziwezi kutokea nje ya nyumba. Pakiti ikija kutoka nje ikidai imetumwa na anwani ya namna hiyo, ruta yako ina haki ya kuitupa. Wataalamu wa mitandao huziita anwani hizi bogoni.

Bogoni ziko za aina mbili:

1. Anwani zilizotengwa. Hizi zimewekewa kazi maalumu na haziruhusiwi kuonekana kwenye intaneti ya wazi. Orodha yake hubadilika kwa nadra sana.
2. Anwani zisizotumika. Hizi ni anwani za kawaida ambazo bado hazijagawiwa mtu. Leo hazina mwenyewe, lakini kesho zinaweza kuwa naye.

Shika tofauti hii vizuri. Aina ya kwanza unaweza kuiandika kwenye ruta kwa mkono na kuiacha. Aina ya pili ukiiandika kwa mkono na kuisahau, siku moja utawafungia mlango watu wasio na kosa. Tutaona mfano wake katika sehemu ya 8.7.

8.2 Marudio: hesabu ya mafungu ya anwani

Anwani ya IPv4 ina biti 32, zilizogawanywa katika sehemu nne za biti 8. Kila sehemu huandikwa kwa namba ya kuanzia 0 hadi 255. Anwani zote kwa jumla ni 2³², yaani 4,294,967,296.

Fungu la anwani huandikwa kwa anwani ya kwanza, ikifuatiwa na mkwaju na namba. Kwa mfano, 10.0.0.0/8 maana yake biti 8 za mwanzo zimefungwa, hazibadiliki. Biti zilizobaki ni huru.

*Kanuni:* Idadi ya anwani = 2^(32 − namba iliyo baada ya mkwaju).

Mfano wa 1. Tafuta mwanzo, mwisho na idadi ya anwani za fungu 172.16.0.0/12.

*Njia:*
Biti huru = 32 − 12 = 20.
Idadi = 2²⁰ = 1,048,576.

Biti 12 zilizofungwa ni biti 8 za sehemu ya kwanza (172) na biti 4 za mwanzo za sehemu ya pili. Katika sehemu ya pili zimebaki biti 4 huru, ambazo hutoa 2⁴ = 16. Kwa hiyo sehemu ya pili huanzia 16 na kuishia 16 + 16 − 1 = 31.

*Jibu:* Fungu linaanzia 172.16.0.0 na kuishia 172.31.255.255, na lina anwani 1,048,576.

*Angalizo:* Watahiniwa wengi huandika kwamba kila anwani inayoanza na 172 ni ya faragha. Si kweli. 172.15.0.1 na 172.32.0.1 ziko nje ya fungu hili. Ukizuia 172.0.0.0/8 nzima utakuwa umezuia mamilioni ya anwani halali.

8.3 Nani hugawa anwani?

Shirika la juu kabisa katika ugawaji ni IANA. Lenyewe halimpi mtu wa kawaida anwani, bali huwapa wasajili watano wa kanda, nao huzipeleka kwa kampuni za intaneti na taasisi:

- AFRINIC: Afrika (makao yake yako Mauritius)
- APNIC: Asia na Pasifiki
- ARIN: Marekani, Kanada na sehemu ya visiwa vya Karibi
- LACNIC: Amerika ya Kusini na ya Kati
- RIPE NCC: Ulaya, Mashariki ya Kati na sehemu ya Asia ya Kati

Tarehe 3 Februari 2011 IANA iligawa mafungu yake ya mwisho ya /8, kila msajili akapata moja. AFRINIC ilipata 102.0.0.0/8. Tangu siku hiyo hakuna fungu zima la /8 la matumizi ya kawaida lililobaki ghalani kwa IANA. Anwani zisizotumika za leo ni vipande vidogovidogo ambavyo wasajili wa kanda hawajavigawa au wamevirudisha, na vipande hivyo hubadilika mara kwa mara.

8.4 Anwani zilizotengwa

Jedwali la 1 lina mafungu muhimu ya IPv4. Usikariri namba tupu. Kariri namba pamoja na kazi yake, maana swali la mtihani likikuuliza "kwa nini" namba peke yake haitakusaidia.

*Jedwali la 1: Mafungu yaliyotengwa*

| Fungu | Kazi yake |
|---|---|
| 0.0.0.0/8 | "Mtandao huu"; kifaa kisicho na anwani bado hutumia 0.0.0.0 |
| 10.0.0.0/8 | Mitandao ya faragha (anwani 16,777,216) |
| 100.64.0.0/10 | Hutumiwa na kampuni za intaneti kati yao na wateja |
| 127.0.0.0/8 | Kifaa kujiita chenyewe |
| 169.254.0.0/16 | Kifaa kinachojipa anwani baada ya kukosa wa kukipa |
| 172.16.0.0/12 | Mitandao ya faragha (anwani 1,048,576) |
| 192.0.2.0/24 | Mifano ya vitabuni |
| 192.168.0.0/16 | Mitandao ya faragha (anwani 65,536) |
| 198.18.0.0/15 | Majaribio ya kasi ya vifaa vya mtandao |
| 198.51.100.0/24 | Mifano ya vitabuni |
| 203.0.113.0/24 | Mifano ya vitabuni |
| 224.0.0.0/4 | Matangazo kwa kundi la wapokeaji. Kamwe si anwani ya mtumaji |
| 240.0.0.0/4 | Akiba ya baadaye. Ndani yake imo 255.255.255.255 ya kutangazia vifaa vyote |

Mafungu matatu ya faragha yaliwekwa katika waraka wa RFC 1918 wa Februari 1996. Ni haya yanayowezesha nyumba nyingi kutumia anwani zilezile, kwa mfano 192.168.1.5, bila kugongana. Ruta ya kila nyumba huficha anwani za ndani na kutoka nje kwa anwani moja. Kazi hiyo huitwa NAT.

Fungu 100.64.0.0/10 ni jipya zaidi. Lilitengwa Aprili 2012. Anwani zilikuwa zimeadimika, hivyo kampuni za intaneti zikaanza kufanya NAT hata kwa upande wao, wateja wengi wakitoka kwa anwani moja. Ukifungua ukurasa wa ruta yako ukaona anwani ya upande wa nje ni kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, jua uko nyuma ya NAT ya kampuni.

8.5 Kwa nini tuzizuie?

*Sababu ya kwanza: kuzuia uongo unaoingia.* Pakiti inayotoka nje na kudai imetumwa na 10.4.7.2 ni ya uongo, au imetoka kwenye kifaa kilichopangwa vibaya. Kwa vyovyote vile, haina faida kwako.

*Sababu ya pili: kuzuia uongo unaotoka.* Kifaa chenye programu hasidi ndani ya nyumba, hata kamera ya ulinzi au televisheni, kinaweza kutumiwa kushambulia wengine kwa pakiti zenye anwani ya mtumaji iliyoghushiwa. Aliyeshambuliwa akitafuta chanzo haoni nyumba yako. Anaona anwani ya mtu mwingine. Mei 2000 ulitolewa waraka uitwao BCP 38 unaozitaka kampuni za intaneti kuchuja pakiti za namna hii zinakoanzia. Nyumba ikichuja yenyewe, imetimiza wajibu wake kwa majirani wa mtandao.

*Sababu ya tatu: kuzuia kuvuja.* Kompyuta ya nyumbani ikitafuta printa iliyokuwa 192.168.9.4 ambayo haipo tena, pakiti zake zinaweza kusukumwa hadi kwa kampuni ya intaneti bila sababu. Kanuni nzuri huzikatia getini.

*Mipaka ya kinga hii.* Usiandike kwenye mtihani kwamba kuzuia bogoni kunaondoa mashambulizi yote. Ruta nyingi za nyumbani tayari hukataa pakiti za nje ambazo hazikuombwa na kifaa cha ndani. Mshambuliaji anaweza pia kughushi anwani halali ya mtu mwingine, na kichujio cha bogoni hakitamgundua. Hakizuii virusi vinavyokuja kwa barua pepe, wala hakimzuii mtu anayejua nywila ya Wi-Fi yenu. Ni komeo moja kati ya makomeo kadhaa ya mlango.

8.6 Namna ya kuzuia

Sehemu ya ruta inayochuja pakiti huitwa ukuta-moto. Kuta-moto nyingi husoma kanuni kuanzia juu kwenda chini. Kanuni ya kwanza inayolingana na pakiti ndiyo inayoamua. Kwa hiyo mpangilio wa kanuni ni muhimu sawa na kanuni zenyewe.

Tuchukue nyumba ambayo mtandao wake wa ndani ni 192.168.50.0/24.

Hatua ya 1: Jua hali yako kabla ya kuzuia chochote. Fungua ukurasa wa ruta na uandike pembeni vitu vitatu: anwani ya upande wa nje, anwani ya lango la kampuni ya intaneti, na anwani ya seva ya DNS, yaani seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Je, mojawapo imo katika Jedwali la 1? Ikiwa imo, itahitaji kanuni yake ya kuiruhusu.

Hatua ya 2: Andika kanuni kwa mpangilio huu.

1. Ruhusu pakiti ambazo ni majibu ya mawasiliano yaliyoanzishwa kutoka ndani.
2. Ruhusu maombi na majibu ya DHCP, yaani huduma inayovipa vifaa anwani.
3. Ruhusu anwani maalumu ulizogundua katika Hatua ya 1.
4. Pakiti ikiingia kutoka nje na anwani ya mtumaji imo katika Jedwali la 1, itupe.
5. Pakiti ikitoka ndani na anwani ya mtumaji haimo katika 192.168.50.0/24, itupe.
6. Pakiti ikitaka kutoka nje na anwani ya mpokeaji imo katika Jedwali la 1, ikatae.

Kanuni ya 4 "hutupa" na ya 6 "hukataa". Kutupa ni kunyamaza. Mtumaji hapewi jibu lolote. Kukataa ni kurudisha ujumbe kwamba safari haiwezekani. Mgeni mwongo wa nje hatujibu, bali kompyuta ya ndani tunaijibu ili isingoje bure.

Hatua ya 3: Washa kumbukumbu ya ruta na uitazame kwa siku chache. Pakiti halali zikitupwa, zitaonekana hapo.

Baadhi ya ruta na programu za ukuta-moto, kama pfSense, zina visanduku viwili vya kuweka alama upande wa nje: kimoja cha kuzuia anwani za faragha na kingine cha kuzuia bogoni. Hata ukitumia visanduku hivyo, Hatua ya 1 bado ni ya lazima.

Mfano wa 2. Kumbukumbu ya ruta ya nyumba iliyotajwa inaonyesha pakiti zifuatazo. Amua kila moja iruhusiwe au izuiwe, na utoe sababu.

| Na. | Imetoka upande | Mtumaji | Mpokeaji |
|---|---|---|---|
| 1 | Nje | 10.4.7.2 | Ruta |
| 2 | Nje | 8.8.8.8 (jibu la swali la DNS) | Ruta |
| 3 | Ndani | 192.168.50.23 | 1.1.1.1 |
| 4 | Ndani | 203.0.113.80 | 8.8.8.8 |
| 5 | Ndani | 0.0.0.0 | 255.255.255.255 |
| 6 | Nje | 192.168.50.23 | Ruta |

*Majibu:*
1. Itupwe (kanuni ya 4). Anwani ya faragha haiwezi kuja kutoka intaneti.
2. Iruhusiwe (kanuni ya 1). Ni jibu la swali lililotoka ndani.
3. Iruhusiwe. Mtumaji ni wa mtandao wetu na mpokeaji ni anwani halali ya intaneti.
4. Itupwe (kanuni ya 5). Mtumaji si wa mtandao wetu. Kifaa kilichotuma kitafutwe, maana kimepangwa vibaya au kina programu hasidi.
5. Iruhusiwe (kanuni ya 2). Ni kifaa kinachoomba anwani ya DHCP. Ukiizuia, simu ya mgeni haitaunganishwa na Wi-Fi yenu.
6. Itupwe (kanuni ya 4). Anayejifanya mwenyeji huku amesimama nje ya geti ni mwongo.

Linganisha pakiti ya 3 na ya 6. Mtumaji ni yuleyule, lakini uamuzi ni tofauti. Hakuna anwani iliyo mbaya yenyewe. Ubaya wake hutegemea imetokea upande gani. Mtahiniwa anayeandika "192.168.50.23 izuiwe" bila kutaja upande amejibu nusu ya swali.

Mfano wa 3. Familia moja ya Morogoro imeunganisha ruta yao mpya nyuma ya modemu ya kampuni ya intaneti. Ukurasa wa ruta unaonyesha: anwani ya upande wa nje 192.168.1.2, lango 192.168.1.1; seva ya DNS 192.168.1.1. Kijana wa nyumba ameweka kanuni ya 6 bila kanuni ya 3, na imeihusu kila pakiti inayotoka, hata zinazoanzia kwenye ruta yenyewe. Mara tovuti zote zikaacha kufunguka. Alipojaribu kuifikia 8.8.8.8 kwa amri ya *ping*, alipata jibu. Eleza kilichotokea na namna ya kurekebisha.

*Jibu:* Seva ya DNS ina anwani 192.168.1.1, ambayo imo katika Jedwali la 1. Kanuni ya 6 inazikataa pakiti zinazoelekea huko, hivyo majina ya tovuti hayageuzwi kuwa anwani. Intaneti yenyewe haijakatika, ndiyo maana 8.8.8.8 inajibu.

Je, mbona pakiti za kwenda 8.8.8.8 zinapita kwenye lango 192.168.1.1 bila kukataliwa? Kwa sababu anwani ya mpokeaji iliyoandikwa ndani ya pakiti ni 8.8.8.8, si ya lango. Lango ni mahali pa kupitia tu. Barua ya kwenda Mwanza inapitia ofisi ya Posta ya Morogoro, lakini jina la ofisi hiyo haliandikwi kwenye bahasha.

*Marekebisho:* Aongeze kanuni ya 3 inayoruhusu 192.168.1.1, na aiweke juu ya kanuni ya 6. Akiiweka chini haitafanya kazi, kwa kuwa pakiti itakuwa imeshakataliwa kabla ya kuifikia.

8.7 Hatari ya orodha iliyopitwa na wakati

Sasa turudi kwenye aina ya pili ya bogoni: anwani zisizotumika.

Zamani, mafungu mengi ya /8 yalikuwa bado hayajagawiwa. Wasimamizi wa mitandao waliandika orodha ndefu za mafungu hayo na kuyazuia. Siku ile walikuwa sahihi. Tatizo lilikuja baadaye: mafungu yaligawiwa watu, lakini orodha zilibaki vilevile kwenye ruta.

Agosti 2002, fungu 69.0.0.0/8 lilipewa ARIN. Wateja wa kwanza wa anwani hizo huko Amerika ya Kaskazini walikuta baadhi ya tovuti hazifunguki. Kompyuta zao zilikuwa nzima na kampuni zao hazikuwa na kosa. Upande wa pili, ruta ya mtu ilikuwa bado inaamini kwamba 69 haina mwenyewe.

Jambo hilo linatuhusu moja kwa moja. Tazama baadhi ya mafungu ambayo Afrika ilipewa:

- 41.0.0.0/8: Aprili 2005
- 197.0.0.0/8: Oktoba 2008
- 105.0.0.0/8: Novemba 2010
- 102.0.0.0/8: Februari 2011

Msimamizi wa mtandao popote duniani aliyeandika orodha yake mwaka 2004 na kuisahau, aliandika humo mafungu yote manne. Kwa ruta yake, simu inayotumia anwani ya 41 kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Lagos ni bogoni. Mwanafunzi anajaza fomu ya maombi ya chuo, ukurasa unazunguka bila kufunguka, naye anadhani bando limekwisha. Hakuna ujumbe wa kosa unaomweleza, kwa sababu kutupa ni kunyamaza.

Ni kama mlinzi aliyeambiwa zamani kwamba Kiwanja namba 41 ni pori, hakuna anayeishi huko, kwa hiyo anayesema ametoka huko asiruhusiwe. Watu wakanunua, wakajenga na kuhamia. Mlinzi hakupewa taarifa, naye anaendelea kuwarudisha wenye nyumba zao.

Mfano mwingine ni 1.0.0.0/8, lililopewa APNIC Januari 2010. Kabla ya hapo watu waliizoea anwani 1.1.1.1 kama ya mchezo. Wapo waliotengeneza vifaa wakaitumia ndani kwa kazi zao. Tarehe 1 Aprili 2018, kampuni ya Cloudflare kwa ushirikiano na APNIC ilizindua huduma ya DNS kwa anwani hiyo. Baadhi ya watu hawakuweza kuifikia, kwa kuwa ruta zao ziliizuia au ziliitumia kwa shughuli nyingine.

*Mafunzo matatu:*

1. Kwenye ruta ya nyumbani, andika kwa mkono anwani zilizotengwa tu.
2. Ukitaka kuzuia anwani zisizotumika, tumia orodha inayojisasisha yenyewe kutoka kwa chanzo kinachoaminika, kama ile inayotolewa na Team Cymru. Ikishindwa kujisasisha, ni heri uiondoe.
3. Andika tarehe kando ya kila kanuni unayoweka. Kanuni isiyo na tarehe haina atakayekumbuka kuikagua.

8.8 IPv6 kwa ufupi

Anwani za IPv6 zina biti 128. Kwa sasa anwani za kawaida za intaneti hutolewa ndani ya fungu moja tu, 2000::/3. Hata ndani yake, 2001:db8::/32 limetengwa kwa mifano ya vitabuni. Fungu fc00::/7 ni la mitandao ya faragha, na ::1 ni kifaa kujiita chenyewe.

*Angalizo:* Fungu fe80::/10 ni la mawasiliano ya vifaa vilivyo kwenye kiungo kimoja. Usilizuie kabisa. Vifaa hulitumia kutafutana na kuifahamu ruta yao. Ukilifunga, IPv6 haitafanya kazi.

8.9 Makosa ya kawaida ya watahiniwa

- Kusema "zilizotengwa" na "zisizotumika" ni kitu kimoja.
- Kuzuia 172.0.0.0/8 badala ya 172.16.0.0/12, au 192.0.0.0/8 badala ya 192.168.0.0/16.
- Kutaja anwani ya kuzuia bila kutaja upande inakotoka, na bila kusema ni ya mtumaji au ya mpokeaji.
- Kuweka kanuni ya kuruhusu chini ya kanuni ya kuzuia.
- Kudai kwamba kichujio cha bogoni kinatosha kuulinda mtandao.

Zoezi la 8

1. Eleza maana ya bogoni na utaje aina zake mbili. (Alama 3)
2. Kokotoa mwanzo, mwisho na idadi ya anwani za fungu 100.64.0.0/10. (Alama 4)
3. Anwani zipi kati ya hizi zimo katika Jedwali la 1? 172.20.4.9, 172.40.1.1, 169.254.10.2, 192.169.0.1, 198.19.255.1. (Alama 5)
4. Shule ina mtandao wa ndani 10.20.0.0/16. Andika kanuni moja ya kuzuia anwani za kughushi zisitoke nje ya shule. (Alama 2)
5. "Orodha ya anwani zisizotumika ikiachwa bila kusasishwa huwaumiza zaidi watumiaji wapya kuliko wahalifu." Jadili kwa kutumia mfano wa fungu la Afrika. (Alama 6)

Majibu ya Zoezi la 8

1. Bogoni ni anwani isiyopaswa kuonekana kama mtumaji kwenye intaneti ya wazi. Aina zake ni zilizotengwa kwa kazi maalumu na zisizotumika, yaani ambazo hazijagawiwa.

2. Biti huru = 32 − 10 = 22. Idadi = 2²² = 4,194,304. Katika sehemu ya pili biti 6 ni huru: 2⁶ = 64, hivyo huanzia 64 hadi 127. Mwanzo ni 100.64.0.0 na mwisho ni 100.127.255.255.

3. Zilizomo: 172.20.4.9 (faragha), 169.254.10.2 (ya kujipa) na 198.19.255.1 (majaribio, fungu 198.18.0.0/15 huishia 198.19.255.255). Zisizomo: 172.40.1.1 na 192.169.0.1.

4. Pakiti ikitoka upande wa ndani kwenda nje na anwani yake ya mtumaji haimo katika 10.20.0.0/16, itupwe.

5. Hoja za kutaja: (i) fungu likigawiwa huacha kuwa bogoni, mfano 41.0.0.0/8 kwa AFRINIC Aprili 2005. (Ii) ruta yenye orodha ya kabla ya hapo huendelea kutupa pakiti za watumiaji halali. (Iii) mtumiaji hapati ujumbe wa kosa, hivyo hajui wa kumlalamikia. (Iv) mhalifu anaweza kughushi anwani nyingine isiyo kwenye orodha, au kutumia anwani halali, akapita. (V) hitimisho: orodha ijisasishe yenyewe, au iondolewe na kubaki anwani zilizotengwa tu.